Kivuli Hakina Kivuli: Mwongozo wa Projeksheni kwa Msomaji wa Singida

Fundi wa kenchi na mwenye tangi la maji wanaweza kusimama chini ya paa moja la bati pale Mandewa, mmoja akasema lina mita za mraba 100, mwingine akasema 80, na wote wawili wakawa sahihi. Fundi amepima bati lenyewe jinsi lilivyoinama. Mwenye tangi amepima kivuli ambacho paa hilo lingekitupa chini jua likiwa utosini. Atakayenunua mabati ya mita 80 atapungukiwa, na atakayetarajia maji ya mita 100 atakauka kabla ya mvua kurudi.

Hesabu inayowapatanisha watu hawa wawili inaitwa projeksheni. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe umeliona tangu utotoni, maana ni kutupa kivuli. Mwongozo huu utakufundisha kuifanya kwa fimbo, uzi, tepu ya fundi na karatasi ya miraba. Kama wewe ni mwanafunzi wa sekondari, utaielewa kabla ya kuikariri. Kama unajenga au unanunua kiwanja, utajua cha kuuliza kabla fedha hazijatoka mfukoni. Kwa kila zoezi jiulize swali moja tu: kivuli hiki kimehifadhi nini, na kimepoteza nini?

Vitu vitatu vya kutambua kwanza

Kila projeksheni ina vitu vitatu: kitu chenyewe, miale inayopita kwenye kitu hicho, na bapa linalopokea kivuli. Bapa linaweza kuwa uwanja, ukuta au karatasi. Vitambue hivyo vitatu, kisha tazama miale inakwenda vipi, kwa sababu humo ndimo aina za projeksheni zinapoachana.

Miale ikiwa sambamba na ikipiga bapa kwa pembe mraba, hiyo ni projeksheni ya wima. Ikiwa sambamba lakini imelala, kama jua la saa 3 asubuhi, ni projeksheni ya mshazari. Ikiwa inatoka nukta moja, kama mwanga wa tochi, ni projeksheni ya nukta.

Zote tatu zina sheria moja: kivuli hakina kivuli. Kivuli kikishalala chini, ukitaka kukitupa tena chini hakitasogea, kitabaki palepale kilipo. Wanahisabati wanasema kuifanya projeksheni mara mbili ni sawa na kuifanya mara moja. Upande wa pili wa sheria hiyo ndio wenye gharama. Huwezi kukirudia kitu kutoka kwenye kivuli chake pekee, kwa sababu nukta zote zilizokuwa juu ya mwale mmoja zimeangukia mahali pamoja. Kilichopotea kimepotea, mpaka upate kivuli kingine.

Zoezi la kwanza: siku fimbo inapokosa kivuli

Singida mjini iko karibu nyuzi 4 na dakika 49 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 8 Machi na tarehe 5 Oktoba. Manyoni mjini, iliyo kusini zaidi, hupata siku zake karibu tarehe 6 Machi na 7 Oktoba. Mwezi Machi mawingu ya masika yanaweza kukunyima nafasi, kwa hiyo weka tumaini lako kwenye Oktoba, wakati anga ni kavu.

Usitazamie saa 6 kamili mchana. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, nasi tuko karibu nyuzi 34 na robo tatu, kwa hiyo jua hutufikia likiwa limechelewa. Tarehe 5 Oktoba litakuwa utosini karibu saa 6:30, na tarehe 8 Machi karibu saa 6:50.

Simika fimbo ya mita 1 kwenye uwanja tambarare na uinyooshe kwa timazi, si kwa jicho. Ikiinama nyuzi 1 tu itatupa kivuli cha karibu sentimita 2 na kukudanganya. Kaa nayo kuanzia saa 6:10, weka alama ya ncha ya kivuli kila dakika 5, utaona kivuli kinajikunja kuelekea mguuni mwa fimbo hadi kiishe. Wahenga walisema kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Siku hiyo hata hicho kidogo hakipo.

Fimbo nzima, mita 1 kamili, imekuwa nukta moja. Sasa shika sufuria yenye mdomo wa duara ikiwa mlalo karibu na fimbo: kivuli chake ni duara lilelile, kwa ukubwa uleule. Projeksheni ya wima huhifadhi kila kilicho mlalo na hufuta kimo chote. Kilichoinama hukipunguza kwa kadiri kilivyoinama, na kadiri hiyo ndiyo kosaini unayoisoma darasani. Urefu wa kivuli ni urefu wa kitu mara kosaini ya pembe yake kutoka mlalo.

Paa: mabati kwa mteremko, maji kwa kivuli

Turudi kwenye nyumba yetu. Paa la migongo miwili limefunika chini eneo la mita 10 kwa 8, ukihesabu hadi kwenye kingo zinazodondosha maji. Kutoka ukingo hadi chini ya kofia ni mita 4 za mlalo, na kenchi inapanda mita 3. Mteremko basi ni mita 5, ile pembetatu ya 3, 4, 5 ambayo mafundi huitumia kupata pembe mraba ya msingi. Bati linatakiwa kufunika migongo miwili ya mita 5 kwa 10, yaani mita za mraba 100, bado hujaweka sehemu za kupandiana. Kosaini hapa ni 4 kugawanya kwa 5, yaani 0.8, na kivuli ni mita za mraba 80.

Mvua hufuata kivuli. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya mlalo ni lita 1. Mwaka ukileta milimita 600, paa hili linapokea lita 48,000. Ukikosea ukatumia mita 100 za bati, utaandika lita 60,000, na hizo lita 12,000 za ziada hazitaonekana kwenye gata hata siku moja. Toa pia sehemu moja ya tano kwa maji yanayomwagika, yanayokauka juu ya bati lenye moto na yale ya kwanza ya kuoshea vumbi. Zinabaki karibu lita 38,000 za kupangia tangi.

Pengine utasema upepo wa Singida hulaza mvua. Ni kweli, na mgongo unaokabili upepo hupata zaidi. Lakini mgongo wa pili hupungukiwa kwa kiasi hichohicho, mradi mvua haijalala mpaka kofia ikaukinga kabisa. Jumla hubaki ileile kwa sababu kingo zote mbili ziko kwenye kimo kimoja.

Ukitaka kuona hesabu hii ikiwa rahisi kabisa, tazama tembe, nyumba ya jadi ya kanda hii ya kati. Paa lake limelala karibu bapa, kosaini yake inakaribia 1, na eneo la paa na eneo la kivuli chake ni karibu kitu kimoja. Kadiri tunavyoinua kenchi, ndivyo namba hizo mbili zinavyoachana.

Kiwanja kilichoko mlimani kina habari hiyohiyo. Ramani ya upimaji huandika umbali wa mlalo. Ukivuta tepu mita 100 juu ya ardhi yenye mteremko wa nyuzi 20, ramani itaonyesha mita 94. Hujaibiwa, ila umepima kitu ambacho ramani haikipimi. Kupata umbali wa ramani, pima kwa ngazi. Shika tepu mlalo kwa vipande vifupi, dondosha timazi mwisho wa kila kipande, weka alama, endelea kutoka hapo. Kila udondoshaji wa timazi ni projeksheni ya wima iliyofanywa kwa mkono.

Zoezi la pili: kimo cha mwamba usiofikika

Kimo cha mti hupimwa kirahisi. Jua likiwa limelala, simika fimbo ya mita 1, pima kivuli chake, pima kivuli cha mti, gawanya. Kivuli cha fimbo kikiwa sentimita 50 na cha mti mita 6, mti una mita 12. Lakini Singida ni nchi ya mawe ya matale, yamepandana kando ya maziwa Singidani na Kindai na katikati ya mashamba, na kwa jiwe njia hiyo inakwama. Utaanzia kupima kivuli wapi, ikiwa sehemu iliyo chini kabisa ya kilele imezikwa ndani ya mwamba?

Jibu ni kutumia vivuli viwili badala ya kimoja.

Tafuta mwamba wenye kilele kinachojitokeza na ambao kivuli chake kinaangukia uwanja wa usawa. Jiwe lililoviringana kama mkate halifai, kwa sababu ncha ya kivuli itakuwa inatupwa na sehemu tofauti kila jua linaposogea. Asubuhi, weka kigingi kwenye ncha ya kivuli cha kilele, na wakati huohuo kingine kwenye ncha ya kivuli cha fimbo ya mita 1. Subiri saa 1. Weka vigingi vingine viwili. Sasa pima ncha ya mwamba imetembea kiasi gani, na ncha ya fimbo imetembea kiasi gani.

Tuseme ncha ya fimbo imetembea sentimita 40 na ya mwamba mita 3.2. Gawanya 3.2 kwa 0.4, upate 8. Kilele kiko mita 8 juu ya uwanja. Hukuugusa mwamba, wala hukujua mguu wa kilele uko wapi.

Inawezekana kwa sababu miale ya jua ni sambamba, na miale sambamba huhifadhi uwiano. Kitu chenye kimo mara 8 hutupa ncha mara 8 mbali zaidi na mguu wake, kila dakika. Ukitoa mahali pa kwanza kutoka mahali pa pili, mguu usiojulikana hujifuta wenyewe. Njia hii inafaa pia kwa mnara wa simu uliozungushiwa uzio.

Kwenye karatasi: bomba fupi kuliko yote

Chukua karatasi yenye miraba na uweke njiapanda kwenye sifuri. Nyumba yako iko kilomita 3 mashariki na 4 kaskazini, yaani (3, 4). Kutoka njiapanda inaondoka barabara iliyonyooka, kila kilomita 2 mashariki inapanda 1 kaskazini, yaani uelekeo (2, 1). Bomba la maji limefuata barabara. Unataka kuungia mahali palipo karibu zaidi na nyumba.

Mahali hapo ni kivuli cha nyumba juu ya barabara, kwa miale inayoipiga barabara kwa pembe mraba. Hatua ni nne:

1. Zidisha sehemu kwa sehemu kisha jumlisha: 3 × 2 + 4 × 1 = 10.
2. Zidisha uelekeo wa barabara kwa wenyewe: 2 × 2 + 1 × 1 = 5.
3. Gawanya: 10 ÷ 5 = 2.
4. Zidisha uelekeo kwa jibu: 2 × (2, 1) = (4, 2).

Ungia kilomita 4 mashariki na 2 kaskazini. Kutoka nyumbani hadi hapo ni kilomita 1 mashariki na 2 kusini, na kwa Pythagoras ni mzizi wa 5, karibu kilomita 2.24. Mahali pengine popote barabarani patakudai bomba refu zaidi.

Sasa jaribu sheria yetu. Itupie barabara nukta (4, 2) kwa hatua zilezile nne: 10 tena, 5 tena, 2 tena, na jibu ni (4, 2). Haikusogea. Kivuli hakina kivuli, hata kwenye karatasi.

Miale inayotoka nukta moja

Usiku, washa tochi ya simu mita 2 kutoka ukutani na uweke kiberiti nusu mita mbele ya tochi. Kivuli kitakuwa kikubwa mara 4 ya kiberiti, kwa sababu 2 ni mara 4 ya nusu. Sogeza kiberiti hadi mita 1 kutoka kwenye tochi, kivuli kitashuka hadi mara 2. Mahali kitu kilipo sasa panabadilisha ukubwa wa kivuli chake, jambo ambalo jua haliwezi kulifanya.

Kamera na jicho lako hufanya kazi hivyo. Piga picha ya reli ya kutoka Manyoni kuja Singida ukiwa umesimama kando yake mahali salama. Vyuma viwili vilivyo sambamba vinakutana mbele. Picha imepoteza usambamba, imepoteza urefu, hata katikati imepoteza. Kilichobaki ni unyoofu, maana mstari ulionyooka hubaki umenyooka, na mistari inayokatana hubaki inakatana palepale.

Tumia hicho kilichobaki. Umepiga picha ya ukuta wa ghala kutoka pembeni, na unataka kujua katikati yake halisi ni wapi. Ukipima kwa rula katikati ya picha utakosea, kwa sababu upande wa karibu umevimba na wa mbali umesinyaa. Chora badala yake mistari miwili ya kona kwa kona juu ya picha. Inapokatana ndipo katikati halisi ya ukuta, kwa kuwa mistari hiyo hukatana hapo hata kwenye ukuta wenyewe.

Kihenge na ramani ya nyumba

Tazama kihenge cha nafaka kutoka juu, utaona duara. Kitazame kutoka mbele, utaona umbo linalokaribia mstatili. Mpira ukiutazama kutoka juu ni duara pia. Kwa hiyo mchoro wa juu peke yake haukuambii kama unajenga kihenge au unachora mpira.

Ndiyo sababu ramani nzuri ya nyumba ina michoro kadhaa: ya kutoka juu, ya mbele, ya ubavuni, na ya nyumba iliyokatwa. Kila mmoja umepoteza upande mmoja, na mwenzake anaurudisha. Mfaransa Gaspard Monge ndiye aliyeifanya kazi hiyo kuwa somo lenye kanuni katika karne ya 18, na njia yake ilithaminiwa kiasi kwamba jeshi la Ufaransa liliifanya siri kwa miaka kadhaa. Ukiletewa ramani yenye mchoro wa juu pekee, usianze msingi. Muulize mchoraji kimo cha kuta na mwinamo wa paa viko wapi, kwa maana mchoro ule umevifuta.

Kutoka Dunia ya mviringo hadi kwenye hati

Menya chungwa ujaribu kulilaza ganda mezani: litapasuka au litakunjika. Mwaka 1827 Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba hakuna ufundi utakaoepuka jambo hilo. Kila ramani ya Dunia imenyoosha kitu. Ramani ya Mercator ya mwaka 1569 ilihifadhi pembe kwa ajili ya mabaharia ikapoteza ukubwa, hata Greenland ikaonekana kukaribia Afrika, ilhali Afrika ni kubwa karibu mara 14.

Wapima wa Tanzania hutumia jamaa ya ramani hiyo iliyolazwa ubavu, inayoitwa UTM, na Dunia yake imekatwa kanda za nyuzi 6. Mkoa wa Singida wote uko ndani ya kanda ya 36 Kusini, kati ya longitudo 30 na 36, yenye mstari wa kati kwenye nyuzi 33. Mstari huo umepewa namba 500,000 ili pasiwe na hasi. Singida mjini ina namba ya mashariki karibu 694,000, yaani tuko kilomita 194 mashariki ya mstari wa kati, na namba ya kaskazini karibu 9,467,000.

Namba hizo zinakupa kinga ya haraka. Ukiingiza namba za bikoni zako, yaani alama za mipaka, kwenye programu kisha ukachagua kanda ya 37 kwa bahati mbaya, shamba lako litahamia Bahari ya Hindi, mbali mashariki ya Pemba. Ramani za zamani nazo zimejengwa juu ya vipimo vya Dunia viitwavyo Arc 1960, wakati simu hutumia WGS84, na nukta moja inaweza kuhama karibu mita 300 kati ya hivyo viwili. Namba bila jina la kipimo chake haijakamilika.

Kuhusu umbali, tumebahatika. Mstari wa kati wa kanda umebanwa hadi 0.9996, kingo zimenyooshwa, na Singida mjini imeangukia karibu kabisa na mahali pasipobanwa wala kunyooshwa. Kilomita 10 hukosea kwa chini ya mita 1. Kupungua kukubwa zaidi kunatokana na mji kuwa karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa maana ramani kwanza hutuangusha hadi usawa wa bahari, na hapo kilomita 10 hupoteza zaidi ya mita 2. Kwa kiwanja cha mita 30 hilo si neno. Kwa njia ndefu ya umeme, mpimaji lazima alihesabu.

Kabla ya kusaini

Ukiletewa mchoro, ramani, picha au hesabu ya eneo, uliza haya kwa utaratibu:

1. Bapa ni lipi? Ardhi ya mlalo, ukuta, au karatasi ya kanda ya 36?
2. Miale inatoka wapi? Wima, mshazari, au nukta moja?
3. Kimehifadhiwa nini: urefu, pembe, eneo, uwiano, au unyoofu peke yake?
4. Ninachokihitaji kimo ndani ya kilichohifadhiwa? Kama hakimo, kivuli cha pili kitapatikana wapi?

Anza na paa la nyumba unayolala. Leo jioni pima eneo lake la mlalo chini kwa tepu, kutoka ukingo unaodondosha maji hadi ukingo wa pili, kisha muulize fundi mita za mraba za bati alizonunua. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Jibu litakuwa karibu na kosaini ya paa lako, pungufu kidogo kwa sababu ya bati lililopandiana, na utajua mvua ikinyesha utegemee namba ipi.